Sindano Kwanza, Moto Baadaye: Mwongozo wa Darasa la Mtaani la Kuwafundisha Watoto Kushona na Kupika

Madarasa mengi ya mtaani ya kuwafundisha watoto mapishi na ushonaji huanzishwa kama madarasa mawili yasiyojuana: meza moja ya vitambaa huku, jiko kule, na mara nyingi wasichana hupelekwa kwenye vitambaa huku wavulana wakitumwa kuchota maji. Mwongozo huu unapendekeza darasa moja la Jumamosi kumi, kwa muda wa saa mbili kila Jumamosi, ambamo sindano hutangulia na moto hufuata, na ambamo kile alichokishona mtoto ndicho anachokuja kukitumia jikoni. Mtoto anayejua kwamba wiki ya saba atanyanyua sufuria ya moto kwa vitambaa alivyovishona mwenyewe hahitaji kuhimizwa akaze mishono yake.

Mahali, watu na ruhusa

Jijini Nairobi mahali panapofaa ni kumbi za kijamii za kaunti, kumbi za makanisa na misikiti, na madarasa ya shule siku za mwisho wa juma, ilimradi pawe na uwanja au ua wa nje ulio wazi, kwa sababu makaa hayawashwi ndani. Kabla ya kulipia ukumbi wowote, uliza maji hutoka siku gani. Katika mitaa mingi ya Eastlands maji huja kwa zamu, na darasa la mapishi lisilo na maji ni mkutano tu. Weka akiba ya mitungi ya lita 20 na utenge mmoja ambao hauguswi kwa kupikia wala kuoshea. Kazi yake itaelezwa tutakapofika kwenye moto.

Idadi ya watoto isizidi 15, wenye umri wa kati ya miaka 8 na 13, wasichana kwa wavulana wakifanya kazi zilezile. Kwa wiki za sindano watu wazima wawili wanatosha. Kwa wiki za moto hitaji langu ni mtu mzima mmoja kwa kila watoto wanne, na siku ambayo wasaidizi hawakutimia tunabadilisha somo na kurudi kwenye kushona vifungo. Hatuwashi jiko kwa matumaini.

Mzazi ajaze karatasi fupi inayosema kama mtoto ana mzio wa karanga, mayai, maziwa au samaki, kama ana pumu ambayo moshi huichochea, na nambari ya simu ya mtu atakayepatikana asubuhi hiyo. Karatasi hiyohiyo iulize kama anakubali mtoto apigwe picha, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto, na picha ni habari. Kila msaidizi awe na cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, na nambari 116, ambayo ni simu ya bure ya kusaidia watoto nchini, ibandikwe ukutani mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma bila kumwomba mtu.

Kutafuta vifaa

Usianze kwa kununua. Mpitie fundi wa nguo yeyote wa mtaani mwishoni mwa juma na umwombe vipande vinavyoanguka chini ya cherehani yake. Wengi huvitupa, na wengine watakupa gunia zima kwa bei ya chai. Nguo kuukuu za pamba na mataulo yaliyochakaa hupatikana katika soko la mitumba la Gikomba, na kitambaa cheupe cha marekani, ambacho ndicho bora kwa mtoto anayeanza kwa sababu hakitelezi na kila mshono huonekana juu yake, hupatikana katika maduka ya vitambaa ya Biashara Street na Eastleigh. Ongeza uzi wa pamba wa rangi iliyokolea, sindano zenye tundu kubwa, mikasi mitano, tepu mbili za kupimia, pini, na sumaku. Sumaku ni ya lazima.

Kuna jambo moja ambalo mwalimu hulifanya peke yake, nje, kabla ya watoto kufika. Akate uzi mmoja mmoja kutoka katika kila aina ya kitambaa kilichokusanywa na kuushika kwenye ndimi za moto kwa koleo. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta na nailoni hunywea, huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Kitambaa kilichoacha tone kinaweza kushonewa mfuko, lakini kamwe kisikaribie jiko, kwa sababu kikishika sufuria ya moto huganda kwenye ngozi ya mtoto.

Wiki ya kwanza hadi ya nne: sindano

Wazazi waliosoma chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, watakumbuka somo la sayansikimu na vile vijitambaa vya mishono vilivyoshonwa, vikasahihishwa, kisha vikasahauliwa kabatini. Mishono ilikuwa ileile tutakayoifundisha hapa. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kwamba kitambaa hakikuwa na kazi yoyote nyumbani.

Somo la kwanza ni kutunga uzi, na mwalimu asishangae likichukua saa nzima. Mtoto akate ncha ya uzi kwa mkasi, asiuvute kwa meno, kwa kuwa uzi uliokatwa kwa meno hufumuka na kuwa kama ufagio. Ailowanishe ncha, aibane kati ya kidole gumba na cha shahada hadi iwe inachungulia tu, halafu alete tundu la sindano kwenye uzi, siyo uzi kwenye tundu. Urefu wa uzi uwe kutoka ncha za vidole vyake hadi kiwiko. Kila mtoto atataka uzi wa mita nzima ili asitunge tena, nao utajisokota na kufunga mafundo. Darasani kwetu tunauita uzi wa mvivu.

"Mwalimu, imekatika tena," aliniambia mvulana mmoja wa miaka tisa, akinikabidhi sindano kwa mara ya nne.

"Tunga tena, mwanangu," nilimjibu, nikaweka mikono yangu nyuma.

Kule kuweka mikono nyuma ndiko kugumu kuliko yote katika kazi hii. Mwalimu akichukua sindano na kutunga kwa sekunde mbili, mtoto amejifunza jambo moja tu, yaani kwamba akisubiri atatungiwa. Mwoneshe kwa sindano yako na uzi wako, polepole, kisha urudishe mikono mahali pake.

Mishono mitatu inatosha kwa darasa zima. Wa kwanza ni bandi, mishono mirefu ya kupita juu na chini ambayo hushikiza kitambaa kwa muda na hufumuliwa baadaye. Mtoto achore mstari kwa penseli na rula, aufuate, na kila mshono uwe kama upana wa ukucha wake. Wa pili ni mshono wa kurudi nyuma: sindano hutoka hatua moja mbele, kisha huingia pale mshono uliotangulia ulipoishia, na mstari unaopatikana hauna mapengo. Huu ndio unaobeba uzito. Wa tatu ni ule wa kuzungushia ukingo ili kitambaa kisifumuke. Wiki ya pili yote ni ya mishono hii juu ya marekani, na mtoto anayemaliza mapema avute kitambaa chake kwa nguvu aone kama kitaachia.

Wiki ya tatu ni ya kifungo, na hapa mtoto alete shati au sweta lake la shule lililokosa kifungo, kwa sababu nyumbani daima kuna moja. Kifungo kikishonwa kwa kubanwa kabisa kwenye kitambaa, hakifungiki vizuri na hukatika mapema. Weka njiti ya kiberiti juu ya kifungo, katikati ya matundu, shona kupitia juu yake mara nne au tano, kisha chomoa njiti, nyanyua kifungo, na uzungushe uzi mara nne chini yake kabla ya kufunga fundo upande wa ndani. Hapo kifungo kitasimama kwenye kishingo kidogo. Njiti ziwe zimekwisha kuwashwa. Sijui kwa nini, lakini nikiweka kiberiti kizima mezani hakuna anayesikiliza habari za kifungo.

Wiki ya nne wanashona vishikio. Sufuria za nyumba nyingi hapa hazina vipini, na watu huzinyanyua kwa kubana ukingo kwa vitambaa viwili, hivyo kila mtoto anashona viwili. Kwa kila kishikio kata vipande viwili vya pamba vya sentimita 18 kwa 18 na vipande viwili vya taulo vya sentimita 15 kwa 15. Taulo zikae katikati, kingo za pamba zikunjwe ndani sentimita moja na nusu, kitu chote kishikizwe kwa bandi, kishonwe pande zote nne kwa mshono wa kurudi nyuma, halafu ipitishwe mistari miwili ya msalaba ili taulo lisihamehame ndani. Mwaka wa kwanza nilitumia jinzi kuukuu nikidhani unene ndio usalama. Sindano mbili zilivunjika, mtoto mmoja akajichoma kidole, na hakuna aliyemaliza. Mabaki ya bandi yafumuliwe kabla mtoto hajaondoka. Darasa likichelewa, kishikio cha pili kimaliziwe nyumbani.

Wiki ya tano: kisu

Moto bado. Siku ya kisu inapikwa kachumbari, ambayo haipikwi, na kila hatua yake ni somo. Mikono inaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata kama yanatiririka kutoka debe lililotobolewa, kwa sababu beseni moja la kunawia watoto 15 huwagawia wote uchafu wa wa kwanza. Nyanya, vitunguu, dania na pilipili hoho huoshwa vikiwa vizima. Kibao cha kukatia kiwekewe kitambaa chenye unyevu chini yake kisiteleze.

Mtoto akate kitunguu kati, akilaze kwenye upande bapa, na vidole vya mkono unaoshika vikunjwe ndani kama anayeshika mpira, kucha zikiwa nyuma ya vifundo vya vidole. Kisu kiwe kikali. Wazazi hushtuka ninaposema hivyo, lakini kisu butu huteleza juu ya ganda la nyanya na kuishia kidoleni, ilhali kisu kikali huenda kinakoelekezwa. Anayepita na kisu mkononi akishushe kielekee chini na aseme kwa sauti, "Kisu!" Wenye umri wa miaka minane wapewe kisu kifupi kisicho na ncha, na kazi nyingine zilizo halali kabisa jikoni: kumenya minji, kuchambua mchele na ndengu, kuchuma majani ya dania. Kuchambua mchele vizuri kunataka macho ambayo sisi wengine tumeshaanza kuyapoteza.

Wiki ya sita hadi ya nane: moto

Kwanza maneno machache juu ya jiko lenyewe. Mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake ni wa kawaida majumbani, lakini sufuria hukaa juu yake kabisa, na mtoto anayesonga ugali juu yake anaweza kuuangusha. Kwa vyakula vya kukoroga kwa nguvu napendelea jiko la makaa, ambalo huketi chini na lina kitako kipana, na huwashwa nje tu, kwa kuwa makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, na imewaua watu waliolala na jiko ndani ya nyumba iliyofungwa. Gesi tuitumie kwa kukaanga, ikiwa imewekwa mahali palipo sawasawa na mtu mzima amesimama kando. Nywele zifungwe, mikono ya sweta ikunjwe, na leso inayoning'inia ivuliwe.

Ule mtungi wa maji usioguswa ni wa kuungua. Mtoto akiungua, sehemu hiyo imwagiwe maji safi ya kawaida polepole kwa dakika 20, kisha ifunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, unga, yai na mafuta ya kupikia havipakwi, ingawa kila mtaa una mtu atakayesisitiza. Jeraha lililo kubwa kuliko kiganja cha mtoto, au lililo usoni, mkononi au kwenye kiungo, lipelekwe hospitali mara moja. Wasaidizi wote wafanye zoezi hili kwa maji ya kweli kabla ya wiki ya sita.

Chagua vyakula vinavyoiva ndani ya saa mbili. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka yakifika karibu nyuzi 94 badala ya 100, ndiyo maana maharagwe na mahindi makavu huchelewa kuiva kuliko Mombasa. Githeri, kwa hiyo, si chakula cha darasa, hata kama watoto watakiomba.

Wiki ya sita ni sukuma wiki. Watoto wengi wa mjini hawajawahi kukata sukuma, kwa sababu mama mboga huwakatia wateja wake huku wakizungumza. Majani yaoshwe kabla ya kukatwa, yapangwe matano, yakunjwe kama sigara nene na kukatwa. Ya mtoto yatakuwa mapana kama utepe, na hilo si kosa. Kitunguu kikaangwe hadi kilainike, nyanya ifuate, kisha mboga, dakika tano tu, zikiwa bado kijani.

Ugali ndio mtihani, na unastahili wiki ya saba nzima. Kwa kundi la watoto wanne chemsha lita moja ya maji na uandae unga wa nusu kilo. Maji yakitokota, unga unyunyizwe kiganja kimoja huku mwingine anakoroga, na hapo uji mzito huanza kuruka matone yanayochoma kuliko maji, kwa kuwa hugandia ngozi. Mwagize mtoto asogeze uso nyuma na anyooshe mkono. Unga uliobaki utiwe kidogo kidogo, na sasa mtoto mmoja abane sufuria kwa vishikio vyake viwili wakati mwenzake anasonga kwa mwiko, akikandamiza ukingoni na kugeuza. Hapa ndipo kazi ya wiki ya nne inapojulikana. Mtoto ambaye mistari yake ya msalaba ililegea atahisi taulo likikusanyika upande mmoja na joto likipenya upande wa pili, na atasema mwenyewe kwamba anataka kwenda kukirudia. Vishikio viwe vikavu, kwa kuwa kitambaa chenye maji hupitisha joto mara moja. Ugali umeiva unapoachana na kuta za sufuria na kutoa harufu ya mahindi ya kuchoma. Dakika kumi hadi kumi na tano za kusonga na kufunika, na usiwaruhusu wafupishe.

Wiki ya nane ni chapati. Kilo moja ya unga wa ngano, kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vinne vya mafuta, na maji ya vuguvugu yanayozidi nusu lita kidogo, yakiongezwa hadi unga uache kunata mkononi. Unga ukishakandwa upumzike nusu saa, na nusu saa hiyo hutosha mtoto kukaza mishono ya kishikio kilicholegea, mradi anawe tena kabla ya kusukuma. Kilo hiyo hutoa chapati kumi na mbili hivi. Za kwanza zitakuwa na umbo la ramani, zinalika.

Wiki ya tisa na ya kumi: mfuko wa sokoni

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, hivyo mfuko wa kitambaa una kazi ya kila siku. Kata kitambaa cha sentimita 40 kwa 85, kikunje katikati, shona mbavu zote mbili kwa mshono wa kurudi nyuma, pinda mdomo mara mbili, kisha shikiza mikono miwili ya sentimita 50 kwa mishono ya umbo la mraba wenye msalaba ndani yake. Ukiwa na cherehani ya miguu na fundi aliye tayari kukaa kando yake, wenye umri wa miaka 11 na zaidi washone ubavu kwa cherehani, bila uzi kwanza, juu ya karatasi yenye mistari. Siku ya kumi kila mtoto huenda kwa mama mboga na mfuko wake, hununua viungo vya kachumbari kwa pesa alizopewa darasani, na kurudi na chenji iliyohesabiwa.

Kufunga darasa, kila Jumamosi

Makaa yamwagiwe maji hadi yasitoe mvuke, gesi ifungwe kwenye mtungi na si kwenye jiko tu, visu vihesabiwe. Sindano huhesabiwa mara mbili: zinapotolewa na zinaporudishwa, kila moja ikichomekwa kwenye kipande cha taulo chenye alama 20. Idadi ikipungua, mlango hufungwa na hakuna anayekwenda, hata kama wazazi wamesimama nje. Siku moja ilikosekana moja tu. Tulipitisha sumaku sakafuni, chini ya mikeka, ndani ya mifuko ya marekani, hadi msichana mdogo kuliko wote akageuza ukosi wa sweta lake na kuikuta amechomeka hapo, kama alivyomwona fundi wa mtaani kwao akifanya. Aliichomeka kwenye alama ya ishirini, nasi tukafungua mlango.